Pua ya Mteja Ambaye Hakurudi

Nabututu, jirani wa mlango wa tatu, anasema ilikuwa Jumanne asubuhi kwenye mfereji wa ploti yao pale Manyatta. Anasema yeye alikuwa wa pili kwenye foleni, nyuma ya Lorine, na mtungi wa Lorine ulikuwa umefika nusu. Lorine akageuka kumwamkia. Kichwa kiligeuka, macho yakageuka, mdomo ukageuka ukasema, "Umeamkaje, Mama," lakini pua haikugeuka. Ilibaki palepale ilipokuwa, ikitazama ukuta wa choo. Nabututu anasema aliutazama huo ukuta vizuri, huenda kuna kitu. Hakukuwa na kitu, ila leso ya mtu iliyoanikwa.

"Mimi si mtu wa umbea," huwaambia wanaomuuliza, na hata wasiomuuliza. "Nilimwambia tu, Lorine, pua yako imebaki. Akaniambia, ndio, imeanza jana jioni. Nikamwambia, sasa sogeza mtungi, maji yanafungwa saa moja."

Kwa hayo yote Nabututu amesema kweli. Alichokosea ni ukuta. Pua haikuwa inatazama ukuta. Ilikuwa inatazama magharibi, na ukuta ulikuwa njiani.

Lorine alikuwa na miaka ishirini na sita, na pua iliyonyooka alikuwa ameitafuta muda mrefu. Aliyozaliwa nayo ilivunjika Muhoroni, alipokuwa darasa la tano. Watoto wa huko hukimbilia trekta za miwa wakachomoa muwa mmoja mmoja nyuma ya trela, na siku hiyo muwa alioushika yeye ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani. Trekta ikakata kona, muwa ukarudi ukampiga katikati ya uso. Aliutafuna huo muwa huku anatoka damu, kwa sababu alikuwa ameshaupata. Pua ikapona ikiwa imepinda, na mpaka alipoacha shule darasa la nane wenzake walimwita Lorine Kona.

Kisumu aliandikwa kazi na Mzee Ondiek, mwenye duka la kuchapisha nyuma ya soko la Jubilee. Duka hilo huchapisha kadi za harusi mtu akitaka, lakini kazi yake hasa ni programu za mazishi, vile vijitabu vya rangi vyenye picha ya marehemu mbele, historia yake katikati na nyimbo nyuma. Familia huleta picha yoyote iliyopo, ya kitambulisho, ya harusi ya mtu mwingine, ya simu yenye kioo kilichopasuka, na Lorine huisafisha kwenye kompyuta. Huondoa kovu. Huondoa mkono wa mtu aliyekuwa amesimama kando. Hunyoosha pua. Kwa wiki alikuwa ananyoosha pua kama thelathini, za wazee, za akina mama, za vijana wa boda, na wote walishuka kaburini wamenyooka. Halafu yeye anazima kompyuta, anaenda nyumbani na yake.

Ndiyo maana alipasuliwa. Mpasuaji alitoka Nairobi, akakata mfupa, akaunyoosha, akafunga plasta, akafanya kazi safi. Kilichobaki ni kishimo kidogo kwenye mgongo wa pua, cha kutosha kukaa tone moja la maji.

"Hicho usikiguse kwanza," mpasuaji alimwambia. "Ngoja mwaka, uvimbe uishe wote. Kikibaki, kitajazwa kwa sindano, na kijazwe na mtu aliyesomea."

Lorine ni mtu wa kungoja. Alingoja miezi minane. Kila asubuhi akinawa uso tone lilikuwa linakaa pale, naye analifuta kwa kidole.

Mwezi wa tisa alipanda ngazi ya Dokta Tom. Kliniki ilikuwa barabara ya kwenda bandarini, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mitungi ya gesi. Dokta Tom alikuwa na koti jeupe na sauti ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Hakuna aliyejua amesomea nini. Hakuna aliyeuliza pia, kwa sababu ngazi ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kurekebishwa midomo na mashavu, na mtu hapotezi nafasi kwenye foleni kwa maswali.

"Hii ni kazi ya dakika tano," alisema, akimpapasa mgongo wa pua. "Inaitwa fila. Ni jeli tu. Naingiza kidogo hapa, kishimo kinajaa, pua inakuwa mstari."

Akafungua friji ndogo, akasogeza chupa mbili za soda, akatoa bomba la sindano lililozungushiwa plasta. Jeli ilikuwa imebaki nusu.

"Hii ni ya mteja mmoja. Alifanyiwa nusu ya kwanza, nusu ya pili hakurudi. Siwezi kutupa kitu kizuri. Wewe nitakupunguzia."

"Na yeye hataitaka?"

"Hataitaka," alisema Dokta Tom.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Lorine alinawa uso na tone halikukaa. Jumapili kanisani mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka mara mbili kumwangalia, na mara ya pili akatabasamu. Lorine aliimba nyimbo zote, hata zile asizozijua. Jumatatu jioni, akikaanga omena, pua ikaanza kugeuka. Haikuuma. Ilizunguka polepole kama mkono wa saa, ikafika ilipotaka, ikakaa. Alipogeuza kichwa, yenyewe ilibaki inatazama kulekule. Akageuza omena, akala, akalala kwa ubavu.

Jumanne, baada ya yale ya mfereji, alifika kazini akitembea upande upande kidogo. Mzee Ondiek akavaa miwani. Alikuwa amechapisha wafu wa pande zote za ziwa kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa mtu wa kusahau uso.

"Hii pua," alisema, "si tushaichapisha?"

"Ni yangu, Mzee."

"Sijasema si yako. Nasema tushaichapisha. Mwaka jana mwezi wa nane, msichana wa Bondo. Fungua faili."

Lorine akafungua. Perez, miaka ishirini na miwili, amekufa maji. Aliikumbuka ile picha kwa sababu ndiyo pekee mwezi ule ambayo hakugusa pua. Ilishuka nyembamba, ikafunguka polepole kule chini, na upande wa kushoto kulikuwa na tobo la kipini. Akajishika upande wa kushoto. Tobo lilikuwepo. Maisha yake yote hajawahi kutogwa pua.

"Kitu cha watu kinarudishwa," alisema Mzee Ondiek. "Nambari ya familia iko ukurasa wa mwisho." Kisha akamwomba amalizie kwanza programu ya mwalimu mmoja wa Maseno, kwa sababu wenyewe walikuwa wanaijia saa sita.

Mama Perez alifika Jumatano. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu vya kanisa, na mkononi alikuwa na mfuko wa ndizi kwa sababu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Aliziweka ndizi juu ya mashine ya kuchapisha, akamkaribia Lorine, akamtazama kwa muda ambao Mzee Ondiek aliutumia kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mwanangu, naomba niishike."

"Shika, Mama."

Hakuishika kwa vidole. Alichukua ncha ya leso yake akaipangusa, vile mama anavyompangusa mtoto kabla hawajaingia kanisani. Pua ikatulia chini ya leso.

"Ni yake," alisema. "Uliitoa wapi?"

Lorine akamweleza, ngazi, friji, soda, nusu. Mama Perez akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi aliniambia anakuja Kisumu kusukwa nywele," alisema. "Kwani pua ilikuwa na shida gani?"

"Haikuwa na shida, Mama. Ile picha niliisafisha mimi. Pua sikuigusa."

"Haikuwa na shida," Mama Perez alirudia, kama mtu anayehakikisha anwani.

Kisha naye akaeleza. Perez alipokosa kurudi, viatu vyake na mkoba wake vilipatikana juu ya mawe hapa Kisumu, pale mashua zinaposhusha samaki, vimepangwa vizuri kushoto na kulia. Watu wakasema ameingia majini. Wavuvi walimtafuta siku nane, lakini gugumaji lilikuwa limefunga ziwa, unaweza kutupa jiwe likakaa juu. Siku ya tisa wazee wakasema basi. Watu wa ziwa wakimkosa mtu wao majini hawamwachi bila kaburi. Hukata tunda la yago, lile refu la rangi ya majivu linaloning'inia mtini kwa kamba yake, zito kama mtoto wa mwaka mmoja, wakalivisha nguo za marehemu, wakalizika mahali pake. Hivyo ndivyo walivyofanya. Chifu akaandika barua kwamba Perez amekufa maji, Mama Perez akatia sahihi, jeneza likashuka, na tangu siku hiyo kila Jumapili alikuwa anang'oa nyasi juu ya lile kaburi.

"Sasa inatazama wapi?" aliuliza.

"Magharibi. Nikiwa nyumbani, magharibi. Nikiwa hapa, magharibi."

"Bondo," alisema Mama Perez.

Mzee Ondiek akakubali kwa kichwa. Kila mtu anajua maiti anataka kwao. Hata akifia ng'ambo, atachangiwa mpaka arudi alale kwenye udongo wa baba yake. Hakuna aliyefikiria kitu kingine. Lorine mwenyewe alikuwa na jambo jingine la kufikiria, kwa sababu tundu la kulia lilikuwa limeanza kuziba, na ncha ya pua imeshika rangi ya zambarau, lakini aliona aibu kulitaja mbele ya mama aliyefiwa.

Alhamisi Lorine na Mama Perez wakaenda Bondo. Walipotoka mjini tu, pua ikaanza kuzunguka kurudi nyuma, na kwa kuwa haiwezi kupita sikio, ikalala kwenye shavu. Walipofika Maseno Lorine alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Anaona haya," Mama Perez alimwambia, akimpigapiga goti. "Alitoka nyumbani kwa uongo. Sasa anarudi hivi hivi, kwa uso wa mtu mwingine. Hata ungekuwa wewe ungeona haya."

Huko Bondo shemeji yake, Dalmas, ndugu wa marehemu baba yake Perez, alikuwa ameshafyeka njia ya kwenda kaburini na kuweka viti vitatu. Hakuuliza mengi. Alimsalimia Lorine kwa mkono, akaisalimia na pua kwa jina. Jambo lililomsumbua lilikuwa la utaratibu. Mtu hazikwi mara mbili, kwa hiyo kama pua imekuja kukaa, ikae vipi na mwenye uso arudi Kisumu na nini. Alisema hilo watalizungumza baada ya chai.

Lakini pua haikulitazama kaburi. Lorine alisimama upande wa kichwa, ikatazama mashariki. Akasimama upande wa miguu, ikatazama mashariki. Dalmas akamshika mabega, akamzungusha taratibu kama mtu anayefungua mfuniko uliokwama, raundi moja nzima, na kila alipomfikisha pua ilikuwa inarudi kulekule walikotoka.

"Huyu haangalii hapa," alisema Dalmas. Akaketi kwenye kiti kimoja. "Yuko Kisumu. Tangu mwanzo alikuwa Kisumu." Akaangalia kaburi, na nyasi zilivyong'olewa vizuri pande zote nne. "Basi mwaka mzima, shemeji, tumekuwa tukilimia tunda."

Mama Perez alikuwa amepiga magoti kando ya msalaba na mkono wake ulikuwa umeshika jani moja la nyasi lililoota tangu Jumapili. Aliliacha bila kuling'oa, akasimama, akapangusa magoti.

"Twende," alimwambia Lorine. "Chai tutakunywa siku nyingine."

Alasiri walikuwa Kisumu. Wakashuka karibu na barabara ya bandarini na Lorine akaifuata pua, Mama Perez nyuma yake. Haikuyumba. Iliwapeleka mpaka kwenye duka la gesi, ikapita ngazi bila kupanda, ikaingia kwenye lango la nyuma. Uani kulikuwa na tanki jeusi la maji juu ya msingi wa saruji uliofika kiunoni. Hapo pua iliinama, ikavuta, mpaka kidevu cha Lorine kikagusa kifua. Ilikuwa haitazami tanki. Ilikuwa inatazama saruji, chini kabisa, mahali inapokutana na udongo.

Mwenye duka la gesi, Waliaula, alikuwa anapakua mitungi. Aliwaangalia, akaangalia pua ilivyoinama, akaendelea kupakua.

"Huo msingi ulijengwa lini, Baba?" aliuliza Mama Perez.

"Mwaka jana mwezi wa nane. Kulikuwa na shimo la choo limechimbwa hapo, Dokta akasema halifai, akalifunga. Alifanya mwenyewe, Jumamosi na Jumapili. Alisema wateja wanahitaji maji ya kunawa."

"Peke yake?"

"Peke yake. Nilishangaa kidogo, daktari kuchanganya saruji. Halafu sikushangaa tena."

Dokta Tom akateremka. Alimwona Lorine, akamshika kidevu, akamwinua uso kwa upole wa kazi, na pua ikabaki imeelekea chini katikati ya vidole vyake.

"Ulifaa unipigie simu," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Jeli imekimbia kidogo. Damu haipiti vizuri. Kuna sindano ya kuyeyusha, nikikudunga jeli yote inaisha, pua inarudi vile ilivyokuwa. Nitakufanyia bure. Panda sasa hivi." Kisha akamgeukia Mama Perez. "Na wewe, Mama, karibu. Hayo makunyanzi ya macho yanatoka."

"Mtoto wangu alikuja kwako," alisema Mama Perez.

"Wanakuja wengi, Mama."

"Wewe ulimfanyia nusu."

"Wengine hawarudi," alisema Dokta Tom. "Hatuwezi kuwalazimisha." Akapanda ngazi, kwa sababu juu kulikuwa na mtu ameshapakwa dawa ya ganzi.

Lorine hakupanda. Alitaka kupanda. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Lakini Mama Perez alikuwa amekaa juu ya saruji, mkono wake umewekwa kando yake, kiganja chini, kama mtu aliyemwekea mwenzake nafasi kwenye benchi, na Lorine akaona si vizuri kupanda siku hiyo.

Ijumaa wakaenda kituo cha polisi. Afande wa zamu aliandika kila kitu kwenye kitabu cha matukio, kwa mwandiko mzuri. Akaja mwenyewe uani. Alimfunga Lorine macho kwa leso, akamzungusha mara tatu, akamwachilia, na mara tatu pua ikarudi kwenye msingi wa tanki. Akaandika: *Imeonyesha mara tatu.* Akapima saruji kwa hatua zake, nne kwa tatu. Hakuwa mtu mbaya.

"Mimi naamini," alisema. "Shida si kuamini. Shida ni hii barua." Alikuwa nayo kwenye faili, barua ya chifu. "Hapa inasema amekufa maji, familia imekubali, familia imezika. Sahihi ni yako, Mama?"

"Ni yangu."

"Mlizika nini?"

"Yago."

"Unaona sasa. Kwa serikali huyu mtu amezikwa Bondo. Siwezi kuvunja saruji ya mtu Kisumu kutafuta mtu aliyezikwa Bondo. Mpaka hakimu atoe amri. Na hakimu hawezi kutoa amri kwa hadithi, lazima aione pua kwa macho yake ikionyesha. Atakuwa na nafasi Jumatano." Akafunga faili. "Mje nayo Jumatano. Ikiwa inafanya kazi hivi, amri mnapata siku hiyohiyo."

Mama Perez alimshukuru. Hakurudi Bondo. Alirudi kukaa juu ya ule msingi, na Waliaula akamletea kikalio cha sponji, kwa sababu saruji ina baridi. Wanawake walioteremka kutoka kwa Dokta Tom walikuwa wakimpita kufika kwenye bomba la tanki, wanamwamkia, wananawa mikono, wanaenda.

Jumamosi asubuhi ncha ya pua ilikuwa nyeusi. Lorine alienda hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka saa nane, akaonwa na daktari msichana ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa zamu ndefu. Yeye hakujali pua inatazama wapi. Alibonyeza ncha kwa kidole, akahesabu kimoyomoyo, akangoja rangi irudi. Haikurudi.

"Nani alikudunga hii?"

Lorine akamwambia.

"Hiyo dawa ya kuyeyusha sisi hatuna. Yeye anayo?"

"Anasema anayo."

"Basi nenda kwake leo. Usiseme kesho. Hii nyama bado ina uhai kidogo, ikifika kesho hakuna. Itakufa, itadondoka, na mahali pake patabaki tundu. Mpasuaji aliyekunyoosha hataweza kukurudishia." Aliandika kwenye karatasi, akaipigia mstari mara mbili. "Leo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Daktari. Na nikiyeyushwa, itakuwa bado inageuka?"

Daktari msichana alifikiria swali hilo kama maswali mengine. "Jeli ikiisha hakuna cha kuigeuza," alisema. "Itakuwa yako tu."

Lorine alitembea kutoka huko mpaka barabara ya bandarini akiwa na ile karatasi mkononi. Alipita kwenye kioo cha duka la viatu, akasimama. Alitazama uso wenye kidoa cheusi katikati, na kwa mazoea vidole vyake vikatafuta mahali pa kubonyeza ili kiondoke. Kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya nusu dakika. Akawaza mwanamke wa kanisani, alivyogeuka mara ya pili. Akawaza kesho Jumapili. Akamwaza Nabututu na ploti nzima, na miaka arobaini ya asubuhi kwenye mfereji, akiwa amejifunga leso usoni.

Uani jua lilikuwa limehamia upande wa tanki. Mama Perez alikuwa palepale. Miguu yake haikufika chini, na viatu vya kanisa alikuwa amevivua akavipanga kando, kushoto na kulia. Dokta Tom alikuwa amesimama juu ya ngazi, glavu mkononi. Bomba la sindano lilikuwa tayari kwenye sinia. Safari hii lilikuwa limejaa.

"Lorine, saa kumi nafunga," alisema.

Saa kumi ilikuwa imebaki robo saa. Pua iliinama kwenye saruji, na Lorine akainama nayo, mpaka uso wake ukawa karibu na magoti ya yule mama. Akampa karatasi. Mama Perez hakujua kuisoma yote, lakini ile mistari miwili aliiona. Alitoa leso, akaipangusa ile ncha nyeusi kwa uangalifu sana, asiikwaruze.

"Inakuuma?"

"Hapana, Mama. Haina habari tena."

"Wamekwambia ni leo."

"Ni leo."

Mwanamke mmoja akaja, akasema samahani, akafungua bomba katikati yao, akanawa mikono, midomo yake mipya imevimba, akawatakia mchana mwema. Mama Perez alingoja aende. Alingoja mpaka maji yaliyomwagika yalipozama kwenye udongo pembezoni mwa msingi.

"Mimi nilimzika mara moja nikakosea," alisema. "Nilitia sahihi. Nikaimba. Watu wakala wakashiba wakaenda. Mtu akikosea kumzika mtoto wake mara ya kwanza, haulizwi tena, na ni sawa. Najua ninachokuomba. Si kitu cha kuomba kwa mtoto wa mwenzako. Mama yako akija kuniuliza, sitakuwa na la kumwambia." Alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa na baridi ya saruji. "Lakini ukipanda hiyo ngazi hakuna mtu atakayejua Perez yuko hapa, ila mimi na huyu wa ngazini. Nyathina, mwanangu, ningojee. Ni siku nne. Ningojee mpaka Jumatano."

Juu, Dokta Tom alitazama saa yake. Waliaula alikuwa ameacha kupakua mitungi.

Lorine akafungua mdomo. Mama Perez akainua uso kusikia, wala hakuondoa macho kwenye ile midomo. Lakini matundu yote mawili yalikuwa yameziba tangu asubuhi, mdomo ndio ulikuwa wa kupumulia, na kilichotoka kwanza kilikuwa pumzi, na baada yake pumzi nyingine.